Kohoa Kama Wamekushika

Asubuhi ile mgeni mmoja hakutokea, na mambo yote yakaanzia hapo.

Kipindi kiliitwa Ubishi wa Alhamisi. Kila wiki watu wawili waliketi studio, mmoja upande huu wa meza na mwenzake upande ule, wakabishana mpaka taarifa ya habari, kisha wasikilizaji wakapiga simu kusema nani kashinda. Katikati alikaa mtangazaji ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Dada Hoja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa ulimi, mwenye sauti nzito yenye mkwaruzo, ile sauti ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Watu walimtambua sokoni akiwa bado anauliza bei.

Ubishi wa wiki ile ulikuwa huu: binadamu alifika mwezini, au tulidanganywa? Wa kutetea kwamba alifika alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari moja hapo mjini, mtu wa makamo aliyevaa tai na kubeba mfuko wa plastiki uliojaa picha. Picha za kuonyesha redioni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Wa kupinga alikuwa mchekeshaji fulani, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Mkuu wa vipindi aliingiza kichwa mlangoni.

"Bado?"

"Bado."

"Basi kaa wewe upande wake. Mimi nitaendesha."

"Mkuu, mimi najua walifika."

"Nani amekuuliza unajua nini? Kazi yako ni kubisha. Bisha."

Dada Hoja akahamia kiti cha pili, na tangazo la sabuni likiendelea alipekua mtandaoni kwenye simu yake. Alichokipata kilimtosha.

Mwalimu alianza vizuri. Alieleza habari za mawe yaliyoletwa kutoka kule, ambayo wataalamu wa nchi nyingi wameyapima. Alieleza habari za vioo vilivyoachwa juu ya mwezi, kwamba hadi leo ukivipiga mwali wa mwanga kutoka duniani vinaurudisha. Aliongea taratibu, kama mtu anayeandika ubaoni huku anazungumza.

"Mwalimu," Dada Hoja akamkatiza, "bendera yao inapepea. Mwezini kuna upepo?"

"Hapana, hakuna hewa kabisa. Bendera ile ilipitishiwa fimbo kwa juu ili isilale. Inacheza pale wanapoizungusha nguzo kuichimbia, na kwa kuwa hakuna hewa ya kuizuia..."

"Kwa hiyo walijua mapema kwamba picha itatoka vibaya, wakaitilia fimbo."

"Walijua kwamba kitambaa kitaning'inia."

"Yaani picha ilipangwa kabla ya safari."

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alicheka. Dada Hoja alimwona, na akasikia ile raha ndogo anayoisikia mchezaji akipiga chenga ya kwanza.

"Na nyota ziko wapi? Anga jeusi, hakuna hata nyota moja."

"Pale palikuwa mchana, jua linawaka kwenye udongo. Kamera ikiwekwa sawa kwa kitu chenye mwanga mkali, vitu hafifu haivishiki. Hata wewe, jioni ukimpiga mtu picha chini ya taa kali, ukitazama nyuma yake..."

"Mwalimu, nimekuuliza nyota, unaniuzia kamera."

Ndivyo ilivyokwenda. Swali lilihitaji pumzi moja, jibu lilihitaji ubao na chaki. Kila mwalimu alipokaribia kufika mahali, swali jingine lilikuwa limeshamfikia. Mwishoni akajikaza, akasema kwamba wapo watu waliokwenda wenyewe, wakarudi, wakasimulia kwa miaka na miaka walichokiona. Dada Hoja hakufikiri hata kidogo. Maneno yalimtoka yenyewe.

"Mtu aliyeshikwa atasema nini? Mtu wakishamshika, akikiri si yeye, akikana si yeye. Maneno si yake tena."

Simu ziliwaka zote. Mwalimu alikusanya picha zake moja moja, akazirudisha kwenye mfuko, akampa mkono kwa adabu, akaenda zake.

Mkuu wa vipindi hakuwa mtu wa kuachia bahati ipite. Wiki iliyofuata alimtengea sehemu yake ndani ya kipindi, na wiki iliyofuata hiyo, sehemu hiyo ndiyo ikawa kipindi. Dada Hoja alileta vivuli ambavyo haviendi sambamba, alama za miguu zilizo safi mno, mtu aliyekufa ajalini kabla hajasema jambo. Alijua majibu ya vyote, kwa sababu alikuwa akiyakuta palepale alipoyakuta maswali, mstari mmoja chini. Aliishia mstari wa juu. Akajiambia kwamba ni mchezo, kwamba mwigizaji anayeua mtu jukwaani hapelekwi polisi. Akajifunza ufundi wenyewe: usijibu, uliza. Ukibanwa, uliza kuhusu kitu kingine. Ukibanwa zaidi, muulize anayekubana ametumwa na nani.

Mtu aliyefurahi kuliko wote alikuwa mjomba wake.

Mjomba ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Alikuwa fundi wa nyaya za umeme, wa kupanda nguzo, mpaka siku msimamizi alipomwambia laini imezimwa, apande. Akapanda. Laini ilikuwa hai. Alinusurika, lakini mkono wake wa kulia ulijikunja ukabaki hivyo, vidole vimeingia kiganjani kama anashika kitu asichotaka kukiachia. Halafu wakubwa wa kazini wakasema kosa ni lake, hakuuliza.

"Maisha yangu yote nasikia wakubwa wanaongea redioni na hakuna anayewauliza," alimwambia siku moja alipokwenda kumsalimia. "Sasa wanaulizwa. Na anayeuliza ni mwanangu."

Dada Hoja alikuwa amekwenda na nia ya kumwambia kwamba ule ni utani tu, Mjomba, mimi mwenyewe siamini. Akautazama ule mkono juu ya goti. Akameza maneno, akaomba chai.

Kilichomgutusha ni video fupi aliyotumiwa na msikilizaji, yenye vikaragosi vya kucheka chini yake. Ilipigwa darasani, kwa siri. Yule mwalimu wa fizikia amesimama mbele, ameanza kuandika kanuni, na kutoka nyuma ya darasa simu inacheza sauti: "Mwalimu, nimekuuliza nyota, unaniuzia kamera." Darasa zima linaangua kicheko. Mwalimu anageuka, anasubiri, anasema, "Haya, tuendelee." Anaandika tena. Simu nyingine, kutoka upande mwingine: "Ametumwa na nani huyu?" Kicheko. Mwalimu anaiweka chaki chini. Anatoka.

Dada Hoja alicheka mwanzoni, kwa mazoea. Halafu akairudia, akasikiliza namna alivyosema "tuendelee", na hakucheka.

Alimkuta Mwalimu kwenye maabara ya shule, amekaa peke yake kwenye stuli, anasokota waya. Madarasa yake alikuwa amepewa mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, Dada Hoja. Tahadhari, hiyo stuli ina mguu mbovu."

Alikaa hivyohivyo. Akaanza kuomba msamaha, akauzungusha, akaingiza mchekeshaji aliyezima simu na mkuu aliyemlazimisha. Mwalimu alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Mimi kushindwa si kitu," alisema. "Wanafunzi wananishinda kila mwaka, ndiyo furaha ya kazi hii. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa unajua. Nilikuona usoni. Nilipofika kwenye jibu, ulikuwa unalijua, ndiyo maana ulinikata palepale."

Dada Hoja aliutazama mguu mbovu wa stuli yake.

"Mtu kutilia shaka ni jambo jema," Mwalimu akaendelea. "Mimi nalipwa kuwafundisha watilie shaka. Lakini anayetilia shaka kweli anabaki asikie jibu. Wewe umewafundisha kuuliza na kuondoka."

"Nitasema hewani. Alhamisi hii. Nitaeleza kila kitu, nyota, vivuli, bendera, yote."

Mwalimu aliuweka ule waya mezani.

"Sema," akajibu. "Lakini fikiria watakusikiaje. Wewe ndiye uliyewaambia kwamba anayekana ameshikwa."

Aliyachukua maneno yale kama manung'uniko ya mtu aliyeumizwa. Alhamisi akaingia studio mapema, ana mafua yaliyomkamata tangu juzi, pua imeziba na kifua kinauma. Taa nyekundu ilipowaka hakusubiri mkuu amalize salamu.

"Wasikilizaji, leo sina ubishi. Nataka kuwaambia ukweli. Mimi naamini binadamu alifika mwezini. Niliamini hivyo tangu siku ya kwanza. Niliwekwa upande ule kwa sababu mgeni hakuja, nikaona ninafurahisha watu, nikaendelea."

Kisha akaeleza. Kwa mara ya kwanza alifika hadi ule mstari wa chini. Alieleza kwa nini kivuli kikiangukia mtaro hakinyooki, kwa nini vumbi lisilo na hewa wala maji linashika alama ya kiatu. Alisikia sauti yake inakuwa kama ya Mwalimu, polepole, yenye kusimamasimama. Nyuma ya kioo, fundi mitambo alikuwa ameacha kutafuna karanga zake.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamke.

"Dada Hoja, pole sana."

"Ahsante, ila sihitaji pole. Nilikosea."

"Tumekuelewa, mpenzi. Usiongeze neno. Tumekuelewa."

Ya pili ilikuwa ya dereva wa lori, aliyesema sauti ya leo si sauti yake, leo anasoma. Dada Hoja akasema hasomi, hana hata karatasi mbele yake. Dereva akasema ndivyo walivyokuambia useme. Ya tatu ilikuwa ya kijana aliyeongea kwa kunong'ona, kana kwamba kunong'ona kungemzuia mtu mwingine asisikie redio.

"Dada, usijibu kwa maneno. Kama wamekushika, kohoa."

"Hakuna aliyenishika, ndugu yangu. Niko hapa kwa..."

Na pale kifua kikamkaba. Alijizuia, machozi yakamlenga, akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kadiri alivyojizuia ndivyo kilivyopanda. Alikohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, mbele ya kipaza sauti, na alipotaka kusema kwamba ni mafua akakohoa tena.

"Tumekusikia," kijana akasema, akakata.

Mkuu wa vipindi alimpokea mlangoni akiwa ameshika simu mbili, zote zinaita.

"Umeniua," alimwambia kwa furaha. "Hii hata ningeipanga nisingeiweza."

"Mkuu, nilikuwa nasema kweli."

"Najua. Wiki ijayo sema tena."

Mchana ule watu walikusanyika nje ya geti la kituo. Hawakuwa na fujo. Walikuwa mama wauza matunda, vijana wa karakana ya jirani, mzee mmoja aliyekuja na kiti chake. Walishika maboksi yaliyochanwa, yameandikwa kwa kalamu nene: MWACHIENI. Dada Hoja alishuka, akasimama ngazini, akawaambia kwamba yuko huru, angalieni, natembea mwenyewe. Waliokuwa mbele walitazama nyuma yake, mlangoni, kumtafuta anayemwongoza. Mlinzi wa geti, mtu aliyezoea kumtania kila asubuhi, alikuwa amesimama karibu naye kwa ajili ya usalama. Basi huyo ndiye akawa anayemwongoza. Mtu akarusha chupa ya maji, ikampata mlinzi begani.

Alirudi ndani. Akakaa chumba cha kuhifadhia vifaa, katikati ya nyaya na stendi, mpaka mjomba wake alipokuja na gari la rafiki yake mpaka mlango wa nyuma. Alimfunika khanga kichwani, akamlaza kiti cha nyuma, akamwambia asiinuke. Dada Hoja alikuwa na homa na amechoka, hakubisha. Ilikuwa raha, kwa mara ya kwanza siku ile, mtu mwingine kuamua.

Aliamka asubuhi kwenye chumba cha uani, kile alicholala utotoni, chenye dirisha dogo la nondo linalotazama kamba ya nguo. Akaenda kufungua mlango. Ulikuwa umefungwa kwa nje.

"Mjomba?"

"Nipo."

Sauti ilitoka karibu sana. Alikuwa amekaa nje ya mlango.

"Mlango umekwama."

"Haujakwama, mama. Nimeweka kufuli. Tulia humo humo mpaka mambo yapoe."

"Simu yangu iko wapi?"

"Nimeizima. Wanaweza kukufuata kwa simu."

"Nani?"

"Wewe unawajua kuliko mimi."

Alicheka, akidhani mjomba atacheka naye. Halafu akaupiga mlango kwa kiganja. Halafu akakaa sakafuni, mgongo kwenye ubao, na akajua kwamba mjomba naye amekaa hivyohivyo upande wa pili, kwa sababu alisikia pumzi zake.

"Mjomba, mimi nilikuwa natania. Ulikuwa utani tangu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza nilikusikia. Ulikuwa na raha. Ulikuwa unaongea kama mtoto wangu ninayemjua. Jana ulikuwa unatetemeka."

"Nilikuwa na mafua."

"Na woga."

"Ndiyo, na woga. Niliogopa kusema ukweli."

"Haya, umeona. Mtu mwenye woga ndiye wa kuaminiwa?"

Kutoka nyumba ya jirani redio ilikuwa inacheza kikohozi chake. Walikuwa wamekikata, wakakirudia, na mtu alikuwa anakihesabu kwa sauti nzito, akieleza kwamba vikohozi vifupi vina maana hii na virefu vina maana ile. Aliziba masikio, akayazibua.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Nikuonyeshe nini ndipo ukubali kwamba nilikosea? Chochote. Wewe taja."

Mjomba alilipa swali haki yake, alifikiri kweli. Jua lilihama kwenye nguo za kambani.

"Hakuna," akasema hatimaye.

"Hakuna kabisa?"

"Ukinionyesha karatasi, wameiandika wao. Ukiniletea mtaalamu, wamemsomesha wao. Wewe mwenyewe ulisema, mwanangu. Nami nimeelewa."

Hapo ndipo woga wa kweli ulipomwingia. Hadi dakika ile alikuwa anafikiri kwamba mlango ndio tatizo. Sasa aliona kwamba hata ukifunguliwa, nje kuna watu wengi wenye upendo uleule wa mjomba, na kila neno atakalolisema litakuwa ubao mwingine wa kupigilia palepale. Akinyamaza, ameshikwa. Akiongea, ameshikwa. Alijaribu kukumbuka ni lini aliujenga ule ukuta, na alichokumbuka ni fundi mitambo anacheka nyuma ya kioo.

Aliyemtoa ni mke wa mjomba, ambaye tangu utotoni alimwita Mama. Alikuwa muuguzi, na alirudi kutoka zamu akiwa bado na viatu vyeupe.

"Kuna nini hapa?" alisikika uani. "Mbona umekaa kama unaotamia?"

"Mtoto yuko ndani."

"Na kufuli ni la nini?"

"Namlinda."

"Amekunywa maji?"

Kimya.

"Amekwenda chooni?"

Kimya tena.

"Lete ufunguo."

"Mama watoto, hili jambo huliwezi. Hawa watu wa habari za mwezi..."

"Mimi habari za mwezi sizijui. Najua habari za kibofu. Lete."

Mlango ulifunguliwa. Mjomba alikuwa amesimama pembeni, mkono wake mbaya ameuficha nyuma ya mzima, kama mtu aliyekamatwa na kosa dogo. Dada Hoja alimpita bila kusema kitu. Aliporudi kutoka chooni alimkuta bado amesimama pale, na kwa kuwa hakujua amfanye nini, alimwambia asante. Mjomba akaitikia kwa kichwa.

Aliacha kazi wiki ileile. Mkuu wa vipindi hakumzuia. Kanda zote zilikuwa mali ya kituo, na kituo kilizipanga upya, kikaweka muziki, kikaendelea kuzirusha kila Alhamisi chini ya kichwa kipya: Aliyenyamazishwa. Mtangazaji mgeni alikuwa akifungua kwa kusema, "Popote ulipo, Dada, tunakukumbuka." Mwalimu alihamia shule ya mbali ambako hawakujali redio. Alimpigia simu mara moja kumwambia kwamba kule amepewa maabara yenye mabomba yanayotoa maji, na aliposema hivyo alisikika kuwa mwenye furaha.

Dada Hoja alitafuta kazi za kuongea, akashindwa. Kila alipofungua mdomo mtu aligeuka. Wengine walimbana pembeni kumtia moyo, wengine walimpa namba za wanasheria. Mara mbili alihama nyumba. Mwishowe alipata kazi kwenye kiwanda cha nguo, upande wa kushona kola, mahali ambapo mashine zinapiga kelele kutwa na watu wanaelewana kwa mikono. Huko walimwita Bubu. Alishona vizuri. Kuna siku alimaliza zamu nzima bila kutoa sauti, na njiani alijaribu kusema jina lake mwenyewe, polepole, aone kama sauti bado ipo.

Alhamisi moja kiwanda kilifungwa kwa matengenezo, akaenda kwa mjomba. Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wakikutana, wanaulizana hali, kila mmoja anakizunguka kile chumba cha uani kama samani kubwa. Mjomba alikuwa sebuleni, redio imewashwa. Sauti yake Dada Hoja ilikuwa inauliza kuhusu vivuli.

Hakupanga. Alichukua simu akapiga namba ya kituo, ile aliyoitaja hewani mara nyingi kiasi kwamba vidole viliijua.

"Aliyenyamazishwa, taja jina na unapopigia," alijibu msichana asiyemfahamu.

"Mimi ndiye Dada Hoja."

Msichana alipumua kwa nguvu. "Leo umekuwa wa nne, dada yangu."

"Sikiliza sauti yangu. Halafu sikiliza hiyo inayocheza hapo."

"Sauti siku hizi zinaigwa. Kompyuta tu. Una ushahidi?"

Lilikuwa swali zuri. Dada Hoja alikiri moyoni kwamba lilikuwa swali zuri, na kwamba angekuwa yeye kwenye kile kiti angeliuliza. Alisema wamuite mkuu wa vipindi, yeye anamjua. Alisikia mkono unaziba simu, mazungumzo, mtu anacheka. Msichana akarudi.

"Mkuu anasema Dada Hoja wa kweli hawezi kupiga simu."

Ikakatika.

Aliiweka simu kwenye meza. Redioni alikuwa anaendelea, mwepesi, mwenye raha, anamuuliza mtu ametumwa na nani. Mjomba alikuwa amesikia yote. Alimtazama yeye, akaitazama redio, akamtazama tena, kama anayelinganisha nguo mbili za kitambaa kimoja.

"Hawakukuamini," alisema.

"Hawakuniamini."

"Na wewe ndiye."

"Ndiye mimi, Mjomba."

Mjomba akasema, kwa namna ya mtu anayejaribu ngazi asiyoijua, "Hivi, wale waliokuwa wakishindana nao kufika mwezini. Wale mahasimu wao wakubwa. Si walikuwa na mitambo yao ya kufuatilia?"

"Walikuwa nayo."

"Na wao wangefurahi kweli kuwaumbua."

"Wangefurahi sana."

"Basi mbona hawakusema kitu?"

Dada Hoja alingoja swali jingine lifuate, lile la kulizima hili. Halikuja. Mjomba alikuwa ameegemea mbele kidogo, anasubiri. Hakuwa amekubali lolote. Uso wake ulikuwa uleule wa nyuma ya mlango. Lakini alikuwa anasubiri.

Akavuta kiti, akaanza kumweleza. Redio haikuzimwa, wala mjomba hakuonekana kuwa na nia ya kuizima, kwa hiyo ilibidi apaze sauti kidogo.